Mhandisi asiyeeleweka hajamaliza kazi

Kila mwaka masomo yakikaribia kufungwa, wanafunzi wa uhandisi na ubunifu majengo wa jijini Dar es Salaam husimama mbele ya majopo kutetea miradi yao ya mwisho. Wengi wamefanya kazi ya kweli. Wamepima udongo, wamekokotoa mihimili, wamekesha na michoro. Lakini wakishapewa dakika zao, kazi hiyo huanza kupotea. Slaidi imejaa maandishi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanafunzi amewapa walimu mgongo na anaisoma neno kwa neno. Swali la kwanza likija, anakaa kimya. Akitoka nje, mwanafunzi huyo huyo anamweleza mwenzake jambo lile lile kwa Kiswahili bila kusita, na mchoro anauchora kwenye kiganja.

Msimamo wetu ni kwamba kuandika na kuwasilisha kwa lugha inayoeleweka ni sehemu ya uhandisi na ubunifu majengo, sawa na hesabu na michoro. Vyuo vilifundishe jambo hili kila mwaka wa masomo na kulitolea alama, kwa Kiingereza ambacho ndicho lugha ya mikataba na viwango, na kwa Kiswahili ambacho ndicho lugha ya fundi na mkazi. Anayehitimu bila stadi hiyo anapelekwa saiti akiwa na nusu ya vifaa vyake.

Mfano uko karibu. Barabara ya Morogoro ikitoka kwenye Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na kupita Fire, huteremka Jangwani katika bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, barabara hufungwa hapo, mabasi ya mwendokasi husimama, na wa kwenda Magomeni hukwama upande wa Kariakoo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa humo bondeni imeingiwa na maji mara kadhaa tangu huduma ianze Mei 2016. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, na daraja jipya la Jangwani ni sehemu ya mradi huo.

Mradi wa aina hii hujengwa kwa karatasi kabla ya kujengwa kwa zege. Kuna ripoti ya mwenendo wa maji, tathmini ya athari kwa mazingira, mpango wa fidia na kuhamisha watu, michoro na maelezo yake, nyaraka za zabuni, mkataba, taarifa ya kila mwezi na barua za madai. Karibu zote huandikwa kwa Kiingereza. Anayeziandika ndiye anayeketi mezani maamuzi yanapofanywa. Kijana wetu aliyelijua bonde hili tangu utotoni, anayejua maji hupanda kutoka wapi na hufika dirisha gani, akishindwa kuliandika hilo kwa kurasa mbili zinazosomeka, atabaki kushika fimbo ya kupimia huku mtu aliyetua wiki iliyopita akiandika hitimisho.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Kiingereza kinachotumika katika saiti za Dar es Salaam ni cha watu waliojifunza darasani, kama wao. Njia ya kwanza ya mwendokasi ilijengwa na Strabag ya Austria, na ile ya Mbagala ilijengwa na Sinohydro ya China. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 karibu na mahali Msimbazi unapoingia baharini, lilijengwa na GS Engineering ya Korea Kusini. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilijengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki. Mhandisi wa Kichina anamwandikia msimamizi wa Kitanzania, naye anamjibu, na hakuna kati yao aliyezaliwa na lugha hiyo. Katika mawasiliano hayo, lafudhi ya London na maneno ya mapambo hayamsaidii mtu. Kinachosaidia ni sentensi fupi, namba yenye kipimo chake, na jina la kitu lisilobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hilo linafundishika, na mwanafunzi aliyetoka shule ya kata analiweza kama aliyetoka shule ya mamilioni.

Gharama ya kutoliweza inaonekana kwenye mikataba. Kazi nyingi kubwa zinazofadhiliwa na mabenki ya maendeleo huendeshwa kwa masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Chini ya masharti hayo, mkandarasi aliyechelewa kwa sababu isiyo yake, tuseme amekabidhiwa eneo kwa kuchelewa, ana siku 28 za kutoa taarifa ya maandishi tangu alipojua au alipopaswa kujua jambo hilo. Zikipita bila taarifa, anapoteza haki ya kuongezewa muda na fedha, hata kama ukweli wote uko upande wake. Taarifa hiyo ni barua ya ukurasa mmoja. Kwa kampuni ya kizawa yenye mtaji mdogo, kijana anayejua kuiandika kwa wakati na bila utata anaweza kuwa ndiye aliyeiokoa isifunge milango. Wenye maduka wa Kariakoo wanalijua hili tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna gharama nzito kuliko fedha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo, na kuua zaidi ya watu 20. Hatusemi majengo hayo yaliporomoka kwa sababu ya Kiingereza kibovu. Tunasema kwamba kila baada ya msiba kama huo, maswali ya wachunguzi huwa ni yale yale: nani aliona nini, alimwandikia nani, tarehe ngapi, na alijibiwa nini. Onyo lililotolewa kwa mdomo huyeyuka, na lililoandikwa kwa mafumbo halimzuii mtu yeyote kumwaga zege.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhandisi kijana anakagua jengo na kuandika kwenye kitabu cha maelekezo ya saiti kwamba kumeonekana changamoto kadhaa katika baadhi ya maeneo, na inashauriwa zifanyiwe kazi. Mwenzake anaandika hivi: nguzo C4, ghorofa ya pili, ina ufa wima wenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 600, ufa umepigwa picha leo saa 4 asubuhi, kazi zote za juu ya nguzo hiyo zisimame mpaka mhandisi wa miundo aikague. Wa kwanza amejilinda. Wa pili amelinda watu. Na tazama kwamba tofauti yao ingebaki ile ile hata kama wote wawili wangeandika kwa Kiingereza kisicho na kosa la sarufi. Uandishi wa kitaalamu huanza kwenye kuamua nini kisemwe na kisemwe kwa nani, kisha ndipo sarufi ifuate.

Mataifa makubwa nayo yameumia kwa kosa hilo. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Siku 16 kabla, wakati wa kurushwa, kipande cha povu gumu kilikuwa kimegonga bawa lake. Wahandisi walifanya uchambuzi wakati chombo kikiwa bado angani, wakawasilisha kwa slaidi. Jambo zito kuliko yote, kwamba kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyowahi kujaribiwa, liliwekwa mstari wa chini kabisa kwa herufi ndogo, huku kichwa cha slaidi kikiwapa wakubwa sababu ya kutulia. Bodi ya uchunguzi ililitaja wazi suala hilo la slaidi katika ripoti yake ya mwaka 2003. Wale hawakukosa Kiingereza, maana ni lugha yao ya kuzaliwa. Walikosa mpangilio.

Basi tatizo si la kumaliza kwa kozi moja ya stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Kozi hizo zipo vyuoni miaka mingi na zina walimu wenye bidii. Udhaifu wake ni mahali zilipowekwa. Mwanafunzi anafundishwa kuandika aya kabla hajawa na kitu cha kitaalamu cha kuandikia, anafaulu mtihani, kisha anafika mwaka wa nne bila mtu kumrudishia ripoti na kumwambia sentensi hii haieleweki, iandike upya. Ripoti ya maabara inasahihishwa kwa kutazama jibu. Ripoti ya fildi inahesabiwa kurasa. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kupanga foleni kwenye steshenari za jirani na chuo: ripoti ya mwaka jana inafunguliwa, jina na namba ya usajili vinabadilishwa, inapigwa spairo na kupelekwa.

Siku hizi kuna njia ya mkato mpya. Programu za akili unde zinaandika Kiingereza laini kwa sekunde chache, na baadhi ya wanafunzi wanaona kazi imekwisha. Zitumike kusahihisha tahajia na sarufi, hatuna ugomvi na hilo. Lakini programu haikuwepo saiti. Haikuona nondo zimewekwa ringi kwa nafasi pana kuliko mchoro unavyotaka, wala haitaulizwa swali mbele ya jopo. Mwanafunzi asiyeweza kuandika mwenyewe hawezi hata kutambua kwamba programu imemwandikia uongo wenye sura nzuri.

Wapo wanaouliza kwa nini tusimalize mzizi wa tatizo kwa kufundisha uhandisi kwa Kiswahili. Ni swali la haki. Mtoto wa Kitanzania katika shule ya kawaida ya serikali husoma madarasa yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza fizikia na hisabati humgeukia kwa Kiingereza, na jeraha la mgeuko huo anafika nalo chuoni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, jambo lililoonekana kwa muda mrefu kuwa haliwezekani. Tunaunga mkono Kiswahili kipande ngazi katika sayansi pia, na vitabu viandikwe. Lakini mwanafunzi atakayehitimu mwaka huu atakutana na zabuni ya Kiingereza mwezi ujao. Hatumtendei haki tukimwambia asubiri sera.

Tena Kiswahili cha kitaalamu kina kazi leo hii, na kimepuuzwa kuliko hata Kiingereza. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka taarifa ya tathmini iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Sheria imeshaona kwamba mkazi wa bondeni ana haki ya kusoma kile kinachotaka kufanywa juu ya nyumba yake. Ni nani anafundishwa chuoni kuandika muhtasari huo? Mara nyingi mhandisi ameshazoea kuwaza istilahi zake kwa Kiingereza tu, na akifika kwenye mkutano wa mtaa anachanganya lugha mbili katika sentensi moja mpaka wazee wanatazamana. Kisha tunashangaa wakazi wanapoupinga mradi.

Kwamba wanafunzi wetu wanaweza, tumeshaona. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukawapeleka kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko kuchora ramani wakishirikiana na wakazi. Walipita vichochoroni wakiuliza kwa Kiswahili mifereji iko wapi na maji hufika wapi, na yale waliyoyapata yakaingia kwenye ramani ya wazi ambayo mtaalamu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuisoma. Hiyo ndiyo kazi tunayoizungumzia: kusikiliza kwa lugha moja, kuandika kwa nyingine, na kurudi kueleza kwa ile ya kwanza bila kupoteza ukweli njiani.

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna linalosubiri fedha za wafadhili.

La kwanza, kila somo la kiufundi liwe na kazi fupi ya kuandika yenye alama, isiyozidi ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja ni mgumu kuliko thelathini kwa anayeandika, na ni mwepesi kwa anayesahihisha. Walimu watasema madarasa yao yana wanafunzi wengi mno, na ni kweli. Basi wanafunzi wasomeane kwanza kwa kufuata orodha ya maswali: tatizo limetajwa kwenye mistari mitatu ya mwanzo? Kila namba ina kipimo? Msomaji anajua afanye nini? Mwalimu asahihishe sampuli na kuijadili mbele ya wote. Mwalimu wa lugha na mwalimu wa uhandisi wakae pamoja kuandaa kazi hizo, kwa sababu mmoja anajua sentensi na mwingine anajua mhimili.

La pili, mazoezi yatoke chuoni yaingie mtaani. Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea ubunifu majengo Haifa nchini Israel na kuwa miongoni mwa wabunifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu. Mapaa yake ya zege yaliyokunjuka kama miavuli yamejulikana kwa wasomi wa majengo wa nje kuliko kwa wengi wanaopita chini yake. Mwanafunzi apewe kazi ya kueleza kwa maneno 150 ya Kiingereza jinsi paa lile linavyobeba uzito wake na kushughulika na mvua na joto, kisha maneno 150 ya Kiswahili kwa muuza nyanya wa soko hilo. Asiyeweza kueleza kwa wote wawili bado hajalielewa paa.

La tatu, kila mradi wa mwisho uwe na muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, na jopo liruhusiwe kuuliza angalau swali moja kwa Kiswahili. Mwanafunzi afanye mazoezi ya uwasilishaji mbele ya wenzake mara kadhaa kabla ya siku yenyewe. Slaidi ibebe jambo moja, mchoro uwe mkubwa wa kuonekana na aliye kiti cha nyuma, na mwanafunzi awatazame watu. Walimu nao waache kuhesabu kimya kuwa ni ujinga. Wakiona mwanafunzi amekwama, wamruhusu aeleze kwa Kiswahili wazo lake, kisha wamsaidie kulisema kwa Kiingereza hapo hapo. Atalikumbuka maisha yake yote.

La nne ni la walio nje ya vyuo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi zinapopokea taarifa za waombaji, zirudishe bila huruma zile zisizosomeka na zieleze kwa nini. Na kampuni zinazopokea vijana wa fildi zisiwatume kuchukua chai na kutoa fotokopi. Kijana apewe rasimu ya taarifa ya kila siku aiandike, mhandisi mwandamizi aipitie kwa wino mwekundu, aandike tena. Wakubwa wengi wa fani hii walijifunza kuandika hivyo hivyo, kwa kurudishiwa karatasi. Wawarudishie na wadogo zao.

Kwa wanafunzi wenyewe tunasema hivi. Msiogope Kiingereza, na msikiabudu. Someni ripoti nzuri kama mnavyosoma michoro mizuri, mkiuliza kila aya imewekwa hapo kwa kazi gani. Andikeni kila siku mistari michache kuhusu mlichokiona saiti. Mkimaliza kuandika, msomeeni mtu asiye wa fani yenu, na pale atakapokunja uso, mjue kosa ni lenu.

Nchi hii ilianza kufundisha mafundi sanifu katika chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1957, ambacho leo ni DIT, na wahandisi wa shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1973. Ujuzi wa kukokotoa tunao. Madaraja, mitaro na maghorofa yatakayojengwa Jangwani na Kariakoo katika miaka kumi ijayo yataamuliwa kwa ripoti ambazo zitaandikwa na mtu fulani. Tunataka mtu huyo awe kijana aliyesoma hapa, na aandike kwa namna ambayo waziri, mkandarasi na mama wa Jangwani wataelewa jambo moja. Wakuu wa vyuo waanze na mwaka wa masomo unaofuata.